Deki ya Blu-ray au HD DVD ikiganda: mambo ya kupima kabla ya kugusa femuwea

Filamu ikiganda katikati, ushauri wa haraka utakaoupata popote ni huu: "Sasisha femuwea." Mara nyingi ushauri huo haugusi tatizo lenyewe. Femuwea ni programu inayokaa ndani ya deki, ndiyo inayoiamuru leza, inayofungua kufuli la diski, inayochora menyu na kupeleka picha kwenye TV. Ikivurugika wakati inabadilishwa, deki haiwaki tena, na umepoteza kifaa kizima kwa sababu ya diski iliyokuwa na mafuta ya vidole. Ndiyo maana katika mwongozo huu femuwea inangoja hadi hatua ya 5.

Maneno machache kwanza juu ya kwa nini deki hizi, za diski zenye picha kali kuliko DVD, husumbua kuliko za DVD. Ziliingia dukani wakati wa vita vya kugombania soko. Upande mmoja walikuwa Toshiba, NEC na Microsoft na HD DVD yao, upande wa pili Sony, Panasonic, Samsung na wenzao na Blu-ray. Toshiba aliwahi: deki yake ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwisho wa Machi 2006 na Marekani mwezi uliofuata. Blu-ray ikafika Marekani Juni mwaka huohuo. Kila upande ulikuwa unauza huku bado unajenga. Toshiba HD-A1 ukiifungua utakuta kompyuta kamili, prosesa ya Pentium 4 na mfumo wa Linux, na ndiyo sababu inachukua muda mrefu kuwaka. Samsung BD-P1000, deki ya kwanza ya Blu-ray Marekani, ilitoa picha iliyofifia kwa sababu kichujio cha kuondoa chengachenga kiliachwa kimewashwa ndani ya chipu yake. Hiyo, kweli, ilitibiwa kwa femuwea.

Isitoshe, kanuni za Blu-ray ziliendelea kubadilika wakati deki zipo sebuleni kwa watu. Deki za mwanzo zilikuwa za Profaili (daraja la uwezo wa deki) 1.0. Modeli zilizoingia sokoni kuanzia Novemba 2007 zikatakiwa kufuata 1.1, kisha ikaja 2.0 yenye intaneti. HD DVD ilikuwa na nidhamu zaidi hapo, maana kila deki yake ililazimika kuwa na tundu la waya wa mtandao tangu siku ya kwanza. Nidhamu haikuiokoa. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya filamu ya Warner ilitangaza kuhamia Blu-ray, na tarehe 19 Februari Toshiba akaweka silaha chini. Deki hizo bado zinauzwa mitumba na bado zina wapenzi, kwa hiyo twende kazini.

Hatua ya 1: Hakikisha diski na deki zinaelewana

Angalia kasha. Blu-ray ya kawaida huja kwenye kasha la bluu, HD DVD kwenye kasha jekundu, Ultra HD Blu-ray (iliyoanza 2016) kwenye kasha jeusi. Diski ikiwa haina kasha, soma nembo iliyochapwa juu yake.

Deki ya Blu-ray haisomi HD DVD, na hakuna femuwea itakayoifanya isome. Zote mbili hutumia leza ya nanomita 405, lakini data ya Blu-ray imelazwa milimita 0.1 tu kutoka usoni, ile ya HD DVD milimita 0.6, sawa na DVD. Lensi na leza zilizopangwa kwa kina kimoja hazilengi kingine. Deki zilizobeba uwezo wote wawili ni za kuhesabu, mfano LG BH100 ya 2007 na Samsung BD-UP5000. Vilevile deki ya Blu-ray ya kawaida haitafungua diski ya kasha jeusi.

HD DVD nyingi za studio za Marekani zilikuwa za pande mbili, upande mmoja HD DVD na wa pili DVD. Hazina picha yoyote juu, ni maandishi madogo tu kwenye pete ya katikati. Ukiona picha ni ya kiwango cha DVD, igeuze.

Halafu kanda, yaani maeneo ya dunia ambamo diski imeruhusiwa kucheza. HD DVD haikuwa na kanda kabisa, na Ultra HD nayo haina. Blu-ray ya kawaida inazo tatu: A ni Amerika, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni Urusi, Uchina, India na majirani zao. Kwa hiyo deki aliyokuletea mjomba kutoka Marekani ni ya A, na diski uliyonunua Dubai au London yaweza kuwa imefungwa kwa B. Huo si ugonjwa wa deki. Na kabla hujachomeka deki yoyote ya Marekani, soma kibandiko cha nyuma: ikiandika 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza bila transfoma ya kushusha.

Hatua ya 2: Angalia inakwama wapi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayotoa majibu. Bonyeza kitufe cha kuonyesha muda kwenye rimoti. Filamu ikiganda, andika dakika na sekunde. Toa diski, irudishe, nenda dakika chache kabla ya pale, uache icheze. Kisha jaribu diski nyingine mbili tatu. Utapata moja ya picha hizi:

Inakwama sekunde ileile kila mara, na diski nyingine zinacheza vizuri. Tatizo ni diski.

Inakwama popote, hasa baada ya saa moja hivi, na ukiizima ikapumzika inarudi uzima. Tatizo ni joto, au leza iliyochoka.

Inakataa diski zote za Blu-ray lakini DVD inacheza. Leza ya bluu imekufa au inakufa. Deki hizi zina leza tofauti kwa kila aina ya diski, kwa hiyo DVD kucheza si ushahidi kwamba deki ni nzima.

Inaganda kwenye nembo ya studio au kwenye menyu ya filamu moja tu, tena diski ni safi na ni mpya kuliko deki. Hapa, na karibu hapa peke yake, ndipo unaposhuku femuwea.

Ukiona kisimamo kifupi kimoja karibu na katikati ya filamu, cha kufumba na kufumbua, usihangaike. Leza inahama kutoka tabaka moja kwenda la pili. Blu-ray ya gigabaiti 50 ni matabaka mawili ya 25, HD DVD ya 30 ni mawili ya 15.

Sasa itazame diski yenyewe. Zima taa zote isipokuwa moja, shika diski kwa kingo, iinamishe taratibu hadi mwanga uteleze juu yake. Alama ya kidole utaiona kama ukungu, mkwaruzo utaiona kama uzi. Futa kwa kitambaa laini cha miwani, kutoka tundu la katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imepangwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata mzunguko hula vipande vingi vinavyofuatana hadi hesabu za deki za kurekebisha makosa zinashindwa. Mkwaruzo unaokatiza njia huharibu kidogo hapa na kidogo pale, na deki hujaziliza yenyewe.

Na dawa ya meno tafadhali iache bafuni. Ile mbinu ya kusugua CD kwa dawa ya meno ilikuwa na nafuu kidogo kwa sababu CD ina plastiki nene ya milimita 1.2 ya kusugua. Juu ya data ya Blu-ray kuna ngozi ya milimita 0.1 yenye koti gumu. Ukilisugua koti hilo hadi liondoke, hakuna la pili. Mashine za kung'arishia DVD pia usizikaribie.

Kuna diski ambazo ni safi kama kioo lakini zinakufa. HD DVD za Warner zina sifa hiyo mbaya miongoni mwa wakusanyaji: mwaka huu inakwama sura moja, baadaye sura tatu, baadaye haifunguki kabisa. Tabaka za ndani zinaoza. Machi 2025 Warner ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina kasoro ya aina hiyo, miaka ileile ya vita. Ukinunua HD DVD ya Warner, icheze yote mpaka majina ya mwisho ndani ya muda wa kurudisha mali. Kuona menyu ikifunguka hakutoshi, kwa sababu uozo mara nyingi huanzia ukingoni, ambako ndiko tabaka la kwanza huishia.

Kuhusu joto, kwetu nyumbani adui ni kile kitambaa kizuri cha kufuma kinachofunika deki, na king'amuzi kilichopandishwa juu yake. Ondoa vyote viwili, iache ipumue pande zote, ndipo upime tena.

Hatua ya 3: Waya wa HDMI

Skrini nyeusi huku sauti inasikika, chengachenga za rangi, au picha inayopotea na kurudi: hizo mara chache hutoka kwenye diski. Deki na TV husalimiana kwanza kwa kufuli linaloitwa HDCP, na salamu isipokamilika picha haipiti. Badilisha waya. Badilisha tundu kwenye TV. Washa TV kwanza, ingojee ikae sawa, ndipo uwashe deki. Kama kati yake kuna amplifaya, iruke kwa muda. Ukiwa na Ultra HD, kila kifaa katika mnyororo kinapaswa kuwa na HDCP 2.2, na amplifaya ya zamani ndiyo hukwamisha.

Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha ukali wa picha kutoka 1080p hadi 1080i au 720p, uzime uchezaji wa fremu 24 kwa sekunde. TV nyingi za miaka ile zilitangaza kwamba zinapokea fremu 24 lakini zilikuwa zinayumba.

Hatua ya 4: Kumbukumbu na mtandao

Menyu ya Blu-ray nyingi ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Ya HD DVD ilitumia HDi ya Microsoft. Filamu nyingine hutaka nafasi ya kuhifadhi vitu vyake, na nafasi ikijaa utaona duara linazunguka bila mwisho au ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kufuta data za BD (yaani Blu-ray), ufute. Deki nyingi za Profaili 2.0 hazina nafasi ya kutosha ndani na hutegemea flashi ya gigabaiti 1 au zaidi, ichomekwe nyuma ibaki hapo.

Kisha ng'oa waya wa mtandao, au zima Wi-Fi, ujaribu filamu ileile. Ikifunguka, tatizo lilikuwa BD-Live, huduma ya filamu kuleta vitu vya ziada kupitia intaneti, kutafuta seva ambayo pengine ilishafungwa. Zima BD-Live moja kwa moja, wala hutaikumbuka.

Mimi naenda mbali zaidi: deki isiyo na kazi ya mtandao isiunganishwe na mtandao. Juni 2020 deki nyingi za Blu-ray za Samsung, pamoja na mifumo ya sauti yenye deki ndani, zilianza siku moja kujizima na kujiwasha bila kukoma. Zilikuwa zimepakua zenyewe faili dogo la mipangilio lenye hitilafu, na kila zikiwaka zililisoma tena zikaanguka tena. Hata kurudisha mipangilio ya kiwandani hakukuwezekana, kwa sababu menyu haikufikika, na Samsung ikalazimika kuzipokea kwa posta ili zitengenezwe. Aliyekuwa amechomoa waya wake aliendelea kutazama filamu.

Hatua ya 5: Sasa femuwea

Umepima yote, na dalili ni ile ya filamu mpya kwenye deki ya zamani. Hapo sasisha. Mfano halisi ni Oktoba 2007, zilipotoka filamu za kwanza zenye kinga mpya ya kuzuia kunakili, iitwayo BD+. Kinga hiyo ni programu ndogo ambayo deki huiendesha kabla ya kucheza, na baadhi ya deki, Samsung BD-P1200 na LG BH100 zikiwamo, zilishindwa nayo. Diski zilikuwa nzima, deki zilikuwa nzima. Femuwea mpya ilipotoka mambo yakaisha.

Fanya hivi:

1. Andika jina la modeli kutoka kwenye kibandiko cha nyuma, herufi kwa herufi. Kiambishi cha mwisho ni muhimu, kwa sababu modeli moja huweza kuwa na femuwea tofauti kwa Ulaya na kwa Marekani.
2. Ingia kwenye mipangilio uone toleo lililopo sasa. Kama ndilo la mwisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, simama hapo. Kulipachika upya ni kujitafutia balaa.
3. Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji tu. Tovuti za watu baki zinazokupa "femuwea za deki zote" ni mtego.
4. Fomati flashi kwa mpangilio wa FAT32. Fungua faili la zip, uweke kilichomo kama maelekezo ya modeli yako yanavyosema. Mengine hutaka faili likae juu kabisa, mengine ndani ya folda yenye jina maalumu. Usibadilishe jina la faili. Flashi isiwe na kitu kingine.
5. Toa diski kwenye deki. Chomoa vifaa vingine vya USB.
6. Hakikisha umeme. Kama mtaani kwenu unakatika katika jioni, fanya asubuhi, au tumia UPS. Umeme ukikatika wakati deki inaandika kumbukumbu yake, kwa kawaida ndiyo mwisho wake.
7. Anzisha, kisha usiguse kitu. Skrini inaweza kuwa nyeusi, deki inaweza kujizima na kujiwasha, asilimia zinaweza kusimama pale pale muda mrefu. Wanaoua deki ni wale wanaokosa subira hapa wakachomoa waya.
8. Ikimaliza, ichomoe kwenye umeme kwa dakika chache, iwashe, urudishe mipangilio ya kiwandani, ndipo uweke diski iliyokuwa inasumbua.

Waliozoea kuflashi simu wajue tofauti: simu iliyokufa kwa kuflashi fundi huifufua kwa kompyuta siku hiyohiyo. Deki nyingi hazina mlango huo.

Hatua ya 6: Kwa mwenye HD DVD

Huyu hana haja ya kungoja toleo jipya, halitakuja. Kazi yake ni kupata toleo la mwisho la modeli yake na kulitunza. Toshiba ilitoa femuwea kwa njia tatu: kwa waya wa mtandao, kwa diski iliyotumwa kwa posta, na kwa faili ambalo mtu alilichoma mwenyewe kwenye CD tupu. Njia ya CD ndiyo ya kuaminika sasa. Choma faili kama taswira ya diski ("disc image"), usilikopi tu kama wimbo au picha, na utumie kasi ndogo. Ukifanikiwa, andika modeli na toleo juu ya CD hiyo uihifadhi pamoja na nakala ya faili kwenye kompyuta. Deki ikiharibika ukanunua nyingine ya modeli ileile mtumba, huenda ikaja na femuwea ya 2007, na hapo CD yako itakuwa na thamani kuliko deki.

HD DVD za pande mbili ndizo zilizolalamikiwa sana kwa kuganda hata zikiwa mpya. Kwenye femuwea ya mwisho baadhi hutulia, baadhi hazitulii. Jaribu kuruka sura moja mbele na kurudi nyuma, mara nyingi filamu hupita.

Hatua ya 7: Kompyuta na PS3

Hapa kanuni inageuka, kusasisha si hiari. Kufuli la Blu-ray na HD DVD linaitwa AACS, na linaruhusu wenye mfumo kufuta funguo za programu iliyovuja. Mapema 2007 wadukuzi walichomoa funguo kutoka WinDVD, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta. Watumiaji wakaambiwa wasasishe, la sivyo diski zingegoma. Kinachowashangaza watu ni hiki: diski mpya hubeba orodha ya funguo zilizofutwa, na kiendeshi cha kompyuta huikariri orodha hiyo. Ukishaingiza diski mpya mara moja, programu yako ya zamani inaweza kukataliwa hata kwa filamu uliyoitazama jana.

PS3 nayo funguo zake za Blu-ray huisha muda, na miaka ya karibuni Sony imekuwa ikitoa masasisho ya mashine hiyo yanayozihuisha. Kwa hiyo PS3 iliyolala kabatini miaka kadhaa na sasa inakataa filamu, isasishe kwanza kabla hujampelekea fundi leza.

Kwa Ultra HD kwenye kompyuta mambo ni magumu zaidi. Programu rasmi hutegemea kipengele cha Intel kiitwacho SGX, na Intel ilikiondoa kwenye prosesa zake za kompyuta za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Ukiwa na mashine mpya ya aina hiyo, hakuna sasisho la kukusaidia. Tafuta deki ya kusimama yenyewe. Ukiipata mtumba, nenda dukani na diski zako tatu: DVD, Blu-ray ya matabaka mawili na Ultra HD, na kila moja uipeleke mpaka sura ya mwisho kabla ya kutoa pesa.